Vitambaa vya Mshoni Vipangwe Kama Stoo ya Kikosi

Tulifika katika nyumba ya sajini mmoja, ndani ya moja ya kambi zetu hapa Uganda, jioni ya mvua kubwa ya mwezi wa Aprili. Nia yetu ilikuwa kuandika habari nyingine kabisa. Lakini tulimkuta mkewe ameketi kizingitini, amemwaga gunia zima la vitambaa juu ya mkeka, naye anatenga vilivyopona na vilivyoharibika. Majuma mawili kabla ya siku hiyo mumewe alikuwa amepata uhamisho. Gunia lilisafiri chini kabisa ya lori, kisha likawekwa kwenye pembe ya chumba, juu ya sakafu ya saruji, likiegemea ukuta wenye unyevu. Karibu nusu ya mali hiyo ilikuwa imeshikwa na ukungu.

Tunaiita mali kwa makusudi. Mama huyo hushona mifarishi ya viraka, yaani yale mashuka mazito ya tabaka mbili yenye pamba katikati, ambayo uso wake huungwa kwa vipande vingi vya rangi mbalimbali. Kwa miaka sita alikuwa amekusanya mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani, mashuka yaliyochakaa na mitandio ya zamani. Karo ya mwanawe mkubwa ilitoka humo. Tena, katika kupekua, aligundua kwamba kitenge kimoja alikinunua mara mbili, kwa kuwa kile cha kwanza kilizama ndani ya gunia hata akakisahau. Tulimtazama akikishika kwa mikono miwili, bila kusema neno.

Wako wapiganaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya kina mama. Hao tunawakumbusha habari ya askari wa Uingereza aitwaye Thomas Walker, aliyejeruhiwa kichwani katika mapigano ya Inkerman, vita vya Crimea, mwaka 1854. Mwaka 1856 mchoraji Thomas Wood alimchora akiwa kitandani hospitalini, sindano mkononi, akishona mfarishi wa viraka. Askari wengi wa zama hizo walishona hivyo kwa mabaki ya sufi nzito ya sare, kitambaa kilichoshindiliwa hata ukingo wake haufumuki ukikatwa. Wakubwa wao waliipenda kazi hiyo kwa sababu iliwaepusha na pombe na kamari.

Zama hizo zimepita, na hapa hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Ndani ya gunia la mama yule tuliona vipande vya nguo za mabaka, mabaki ya suruali kuukuu za mumewe. Sare ya jeshi ni mali ya jeshi hata ikiwa imechanika, na raia haruhusiwi kuwa nayo. Shuka linalouzwa sokoni likiwa na kiraka cha mabaka laweza kumtia matatani aliyelishona, aliyelinunua na askari mwenyewe. Sajini alivifunga vipande vyote usiku uleule, akavipeleka kwa kwotamasta asubuhi. Polisi nao wafanye hivyo kwa sare zao.

Vitambaa vilivyobaki tulivitazama kwa jicho la shule ya makadeti. Huko tulifundishwa, kwa adhabu nyingi, kwamba kifaa kisichoonekana siku ya ukaguzi kinahesabiwa kuwa hakipo. Kanuni hiyo inafaa sana kwa vitambaa.

Kazi ya kwanza ni kufua. Kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na wanga huvuta mende. Tena hunywea kikifuliwa, na rangi yake yaweza kutoka na kuharibu shuka lililokwisha shonwa. Kilichokolea, hasa chekundu, kisuguliwe kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa; kikiacha rangi, kifuliwe peke yake. Kianikwe kivulini mpaka kikauke kabisa, ndipo kipigwe pasi. Haraka hapa ndiyo mama wa ukungu.

Kisha pamba itengwe na poliesta na sufi, maana hazivumilii pasi ya joto moja. Usipoweza kutambua kwa macho, chomoa uzi mmoja uuchome moto, mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikafanya kidonge kigumu. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua. Koplo mmoja wa stoo aliyetusindikiza alilipenda jaribio hili mno, hata tukalazimika kumnyang'anya kiberiti.

Baada ya hapo hupangwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Vipande vikubwa vikunjwe juu ya ubao mmoja ili vyote vilingane upana, halafu visimamishwe wima kama mafaili, visilazwe kimoja juu ya kingine. Vikisimama hivyo, ukifungua sanduku unaona mikunjo yote kwa mara moja, na ukichomoa kimoja hubomoi safu nzima. Mabaki madogo yakatwe mapema kuwa miraba ya inchi 5 au kanda za inchi 2 na nusu. Yasiyofikia kipimo hicho yajaze mto.

Sanduku la bati linafaa, kwa kuwa panya na mchwa hawalipenyi, ila kutu hutia madoa; kwa hiyo ndani litandikwe shuka jeupe safi. Liinuliwe juu ya matofali, lisiguse ukuta, lisikae mkabala na dirisha, maana jua hufifisha rangi. Mifuko ya plastiki iliyofungwa kabisa hufungia unyevu pamoja na nguo. Na ingawa inatuuma kusema, gazeti hili unalosoma halifai kufungia vitambaa: wino wake huchafua, na karatasi yake hugeuza nguo nyeupe kuwa manjano.

Wengi hutupia vidonge vya naftalini. Tunawasihi waache, hasa penye mtoto mchanga. Mvuke wake waweza kuharibu damu ya watoto wenye upungufu fulani wa kuzaliwa nao, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zetu. Isitoshe, viwavi vya nondo hula sufi. Pamba tupu havina haja nayo. Adui wa pamba ni unyevu.

Tulirudi mwezi wa Agosti. Gunia halikuwapo tena. Penye pembe ile palikuwa na masanduku mawili juu ya matofali, na juu yake daftari la shule. Kila ukurasa ulikuwa na kipande kidogo kilichobandikwa, yadi zilizopo, na yadi zilizokatwa pamoja na tarehe. Mama alituonyesha pia siku aliyoweka ya kutoa vyote nje, kuvipunga hewa na kuvikunja upya penye mstari mwingine, kwa kuwa mkunjo usiobadilishwa hudhoofisha uzi. Hufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu. Safari hiyo ilikuwa zamu ya sajini kukunja, naye alikuwa ameanza na weupe.