Kivimbe cha Kope Kisichouma Wala Kuisha

Mkulima wa Kabazi, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, akiota kivimbe kwenye kope, mara nyingi mshauri wake wa kwanza ni jirani: hiyo ni chokea, ikande kwa maji ya moto. Kwa kawaida jirani huwa amesema kweli. Chokea huuma, hutumbuka, kisha huisha. Kivimbe kisichouma, kinachokua polepole kwa miezi au hata miaka, ni jambo jingine.

Huenda ni saratani adimu ya ngozi inayotoa ute. Huhusishwa na tezi za jasho, hupendelea uso na kichwa, hasa kope, na huwapata zaidi waliovuka miaka 50. Ilielezwa kitabibu mwaka 1952, na mwaka 1971 watafiti Mendoza na Helwig wakachapisha taarifa za wagonjwa 14. Kwa macho matupu haitambuliki, kwani hufanana na vivimbe vingi visivyo na madhara. Ndiyo maana kukata kivimbe na kukitupa ni hatari. Hata kikiwa kidogo kama punje ya mahindi, kitiwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, na kupelekwa maabara ya patholojia. Kwa mkazi wa Kabazi, safari hiyo ni ya Nakuru mjini.

Chini ya hadubini huonekana vishada vya seli vikielea katika madimbwi ya ute, yaliyotengwa na kuta nyembamba.

Hapo uchunguzi haujakamilika. Saratani ya titi au ya utumbo mpana nayo yaweza kutoa ute kama huo na kusambaa hadi kwenye ngozi. Mtaalamu hutafuta protini: CK20 ikijitokeza, utumbo hushukiwa; safu ya seli zenye p63 ikizunguka vishada, chanzo ni ngozi yenyewe. Vipokezi vya estrojeni havitoi jibu, kwa kuwa saratani ya titi na hii ya ngozi zote huwa navyo. Kwa hiyo mama aliyekuja kwa ajili ya jicho asishangae akipimwa matiti na utumbo. Daktari asiyempima hajamaliza kazi.

Ikithibitika ni ya ngozi, tiba yake ni upasuaji, pamoja na kuondoa sehemu ya ngozi inayoizunguka. Husambaa kwa nadra, lakini hurudi mara kwa mara palepale ilipokatwa. Mgonjwa aitunze ripoti ya maabara, na kovu likianza kuvimba, hata baada ya miaka, arudi hospitalini nayo.