Mary Kingsley, Mwanamke Msafiri

Mary Kingsley alizaliwa London mwaka 1862. Hakupelekwa shuleni, elimu aliipata katika vitabu vya babaye. Wazazi wake walipokwisha kufa, alisafiri Afrika ya Magharibi, akaupanda mto Ogowe kwa mtumbwi pamoja na wenyeji. Siku moja alitumbukia katika shimo la mtego lenye miti iliyochongwa. Nguo yake nene ikamwokoa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Mwaka uliofuata Waingereza walitoza kodi ya nyumba katika Sierra Leone, vita vikazuka. Wengi waliwalaumu Waafrika. Yeye alieleza kwamba kwa sheria yao, kitu ukilipiacho daima si mali yako. Basi kuilipia nyumba yako ni kunyang'anywa. Hakuukataa utawala wa Waingereza, lakini aliuliza kwanza, ndipo akahukumu.