Mlango Namba 25, Saa Nane Usiku

"Fundi, hicho kitu chako hakitasoma barua zetu?" Mhasibu wa kampuni ile ndogo ya mizigo hapa Tanga aliniuliza kabla sijaketi. Nikamjibu, "Hapana, mama. Ninachotaka ni namba zilizo juu ya bahasha tu."

Kwa siku tatu baruapepe zao zilikuwa zikikataliwa na seva za wateja. Anwani yao ya intaneti ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya watumaji wa barua taka, nao waliapa hawajatuma hata moja.

Karibu kila pakiti ipitayo mtandaoni hubeba namba mbili za poti: ya itokako na ya iendako. Poti ni mlango wa huduma ndani ya kompyuta. Tovuti nyingi leo hupokea wageni mlango 443, maswali ya majina ya tovuti huenda 53, na seva za barua hupelekeana 25. Namba hiyo huandikwa katika baiti mbili, ndiyo maana milango hukomea 65,535.

Jioni ile nilikaa kwenye kompyuta ya Linux inayopitisha mawasiliano yote ya ofisi, nikaandika:

tcpdump -i eth1 -s 96 -w usiku.pcap

Programu hii ya tcpdump ilianza mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, na kwangu bado haina mpinzani. Hiyo -s 96 ndiyo naithamini zaidi: kila pakiti hukatwa baada ya baiti 96, anwani na poti zikabaki, maneno mengi ya watu yasihifadhiwe.

Asubuhi faili lilikuwa na pakiti zaidi ya milioni moja. Nikachuja:

tcpdump -nn -r usiku.pcap 'tcp dst port 25 and not src host 192.168.1.5'

Hapo -r husoma faili, -nn huacha namba zibaki namba, na dst port 25 hutaka zinazoelekea mlango huo peke yake. Kipande cha mwisho kinaiondoa seva yao ya barua, kwa kuwa kutuma ndiyo kazi yake. Kompyuta za kawaida hukabidhi barua kwa seva, aghalabu kupitia mlango 587. Hazina shughuli na 25.

Zikabaki elfu kadhaa, zote kutoka 192.168.1.37, nyingi za saa nane usiku, ofisi imefungwa. Ilikuwa kompyuta ya stoo, inayoachwa inawaka, na ilikuwa na kirusi. Namba ya poti ni mapatano tu. Kirusi kile kingejificha kwenye 443, mchujo huu usingekiona.

Tuliing'oa waya, tukaifuta na kuipanga upya. Kisha nikaufunga mlango 25 wa kutokea kwa kila mashine isipokuwa seva ya barua. Faili la usiku.pcap nililifuta mbele ya mhasibu.