Viungo vya Chai na Ugonjwa wa Tumbo

Akina mama wa vikundi hutuuliza: je, viungo tunavyotia kwenye chai na mchuzi ni dawa kweli? Tunajibu ndiyo kwa mambo madogo, lakini siyo kwa lile linaloua.

Hapa Garissa, na hata Wajir na Mandera, chai bila iliki, mdalasini, karafuu au tangawizi ni maji moto tu. Kati ya hivi vyote, tangawizi ndiyo iliyopimwa zaidi na madaktari. Walipowapa wajawazito wenye kichefuchefu kama gramu 1 ya unga wake kwa siku, yaani karibu nusu kijiko cha chai, wengi walipata nafuu ya kichefuchefu. Kuhusu kutapika, matokeo hayakuwa wazi hivyo.

Bizari nyembamba, au jira, ile ya kwenye xawaash, husifiwa kwa tumbo lililojaa gesi. Ushahidi wake ni mdogo, ila kikombe kimoja baada ya kula hakina ubaya. Malmal ni habari nyingine. Mama mjamzito asiinywe kabisa, hata akishauriwa na nani.

Sasa jamani, kuhara je? Hapo mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji na chumvi, na tangawizi hairudishi hivyo. Chai yenye sukari nyingi hata inazidisha, kwa sababu sukari huvuta maji kuingia utumboni.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipa, akawapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya sukari na chumvi wanywe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Sisi tulio jirani na Dadaab, iliyopigwa na kipindupindu mwaka 2015, tusilisahau hilo.

Pakiti ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visirundikwe. Mtoto aendelee kunyonya, na zahanati impe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na macho yaliyodidimia, akilia bila machozi, au akihara damu, apelekwe siku hiyo hiyo, huku akinyweshwa njiani.