Kijani cha Ramani Si Nyasi

Hebu fungua atlasi yako kwenye ramani ya Kenya ile ya milima na mabonde. Lodwar imepakwa kijani kibichi. Kinangop, kule kwenye kabeji na viazi, ni kahawia tupu. Mgeni angesema ng'ombe wapelekwe Turkana wakanone! Kumbe kijani hicho hakihusu nyasi hata kidogo. Kinasema tu kwamba Lodwar iko chini, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kinangop imepita mita 2,500.

Siku hizi kazi ya kupaka hufanywa na kompyuta, tena juu ya kielelezo chenye mabonde na milima yake, unachoweza kukigeuza ukakitazama upande wowote. Vipimo vingi vilitoka kwa chombo cha Marekani, Endeavour, kilichozunguka dunia siku 11 mnamo Februari 2000 kikipima miinuko kwa rada. Kila nukta ya ardhi ina namba yake. Kompyuta huambiwa chini kabisa ni ngapi na juu kabisa ni ngapi, kisha huipa kila namba rangi ya nafasi yake katikati, rangi moja ikiyeyuka polepole ndani ya nyingine.

Hapo kwenye chini na juu ndipo mambo huharibika. Tuseme chini ni bahari, 0, na juu ni kilele cha Mlima Kenya, 5,199. Ziwa Nakuru liko mita 1,760 hivi, na sehemu ya juu kabisa ya Menengai 2,278. Piga hesabu: tofauti yao ni sehemu moja tu ya kumi ya rangi zote. Kuta za Menengai, ambazo ukichungulia kichwa kinazunguka, zitakaribia kufanana rangi na ziwa! Sasa anza 1,700 uishie 2,300. Ziwa litaangukia karibu na mwanzo wa rangi, Menengai karibu na mwisho. Na namba ni zile zile.

Jambo hili si mchezo. Ziwa letu lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi mwaka 2010. Kufikia 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga lilifunikwa na maji, na watu wa upande wa Mwariki wakahama nyumba zao. Anayetaka kujua maji yatafika wapi anahitaji kuona tofauti ya mita moja au mbili. Lakini vipimo vile vya rada huweza kukosea kwa mita kadhaa. Ukivigawia rangi kumi ndani ya mita kumi, utapata picha ya kupendeza sana ya makosa. Hapo lazima mpima ardhi ashuke na vyombo vyake.

Rangi za upinde wa mvua zinapendwa mno, nami sizipendi. Manjano hung'aa katikati, jicho likadhani pana ukuta mahali penye mteremko laini. Na wenzetu wasiotofautisha nyekundu na kijani hawaambulii kitu. Afadhali rangi itoke gizani iende mwangani, ingawa nayo ina balaa yake: kielelezo chenye umbo huangaziwa jua la bandia, basi bonde lenye rangi nzito na mlima ulio kivulini huonekana sawa. Dawa ni kuzima lile jua kwanza, usome rangi, ndipo uliwashe tena uone umbo.