Rangi za Kalenda ya Liturujia: Kutoka Kioo cha Kompyuta hadi Karatasi



Kila mwaka, inapokaribia Dominika ya kwanza ya Majilio, parokia na taasisi nyingi za Kanisa huandaa kalenda ya liturujia ya mwaka mpya. Kazi hiyo hufanywa na makatibu wa parokia, na vijana wenye ujuzi wa kompyuta, na mara nyingine na mapadre wenyewe. Kurasa hupangwa kwa uangalifu, rangi hupendeza katika kioo cha kompyuta, na faili hupelekwa kwa mpiga chapa. Kisha maboksi hufunguliwa, na siku zote za Kwaresima zimetokea kwa rangi ya buluu. Kalenda iliyopaswa kumwongoza anayeandaa mavazi ya ibada sasa inamchanganya, na fedha zilizochangwa na waamini zimekwisha kulipwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kulizuia. Rangi ya chapa huandikwa kwa vipimo vya wino, mara moja tu, katika orodha ya rangi za waraka, na vipimo hivyo hulindwa mpaka faili ya mwisho. Anayeichagua kwa kutazama kioo peke yake anabahatisha. Mifano tutaitoa katika Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2003. Hata hivyo, kanuni zenyewe ni zile zile kwa wanaotumia Adobe InDesign.

Mwanga na wino

Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila mmoja hupimwa kuanzia 0 hadi 255, na yote mitatu ikiwaka kwa ukamilifu tunaona weupe. Mfumo huu hujulikana kwa herufi RGB. Mtambo wa chapa hufanya kazi kwa njia iliyo kinyume. Una aina nne za wino, yaani saiyani, majenta, manjano na nyeusi, na kila aina hupimwa kwa asilimia. Wino hupunguza mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Kadiri unavyoongezwa, ndivyo giza linavyozidi. Mfumo huu huitwa CMYK.

Kutokana na tofauti hiyo, zipo rangi ambazo mwanga huweza kuzitoa na wino hauwezi. Kijani kinachong'aa sana kiooni hufifia karatasini, na zambarau yenye mng'ao huweza kugeuka buluu. Faili yenye rangi za mwanga inapofika kiwandani, ni lazima igeuzwe kuwa ya wino, na programu hutafuta rangi iliyo karibu bila kumwuliza mwenye kazi. Zamani uamuzi kuhusu wino ulikuwa mikononi mwa fundi aliyesimama kando ya mtambo. Siku hizi, kwa sehemu kubwa, umehamia mezani pa yule anayepanga kurasa, hata kama yeye mwenyewe hana habari.

Orodha ya rangi za waraka

Kila programu ya kupanga kurasa hutunza orodha ya rangi za waraka. Katika Scribus orodha hiyo hufunguliwa kupitia menyu ya kuhariri. Humo kila rangi hupewa jina, mfumo wake, na vipimo vyake. Faida yake kubwa ni kwamba kila kisanduku, mstari au neno lenye rangi hiyo hufungamana na jina lililomo katika orodha. Ukibadilisha kipimo mara moja, siku zote za Kwaresima katika kurasa zote hubadilika kwa pamoja.

Tunashauri rangi zipewe majina kulingana na kazi yake: “Zambarau ya liturujia”, “Kijani cha liturujia”, “Nyeusi ya maandishi”. Majina kama “zambarau mpya” au “zambarau 2” humwacha mwenzako gizani atakapoipokea kazi mwakani. Aidha, kila unaponakili kitu kutoka waraka mwingine, rangi zake huja pamoja nacho, na mara unakuta zambarau tatu zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa vipimo. Kabla ya kumaliza, ondoa rangi zisizotumika. Scribus inayo amri ya kufanya hivyo. Ukifuta rangi ambayo bado inatumika, programu itakuuliza ni ipi ichukue nafasi yake, na hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuziunganisha zile tatu kuwa moja.

Iko pia aina ya rangi iitwayo rangi maalumu, ambayo huchapwa kwa wino wake uliochanganywa kabla, kama zile za Pantone. Kila rangi maalumu huhitaji bamba lake la chapa. Ikiachwa katika kalenda ya wino nne bila kukusudiwa, huleta bamba la tano, na bamba la tano huleta gharama. Kama huihitaji, igeuze kuwa ya CMYK ndani ya orodha.

Vipimo vya rangi za liturujia

Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 346, yanataja nyeupe, nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi na waridi. Vipimo tunavyopendekeza hapa ni vya kuanzia. Karatasi na mtambo huweza kudai marekebisho madogo.

Zambarau ndiyo yenye matatizo zaidi. Hutokana na saiyani na majenta, na viwango vyake vikikaribiana, rangi huelekea kwenye buluu. Kanuni ya mafundi ni kwamba saiyani iwe chini ya majenta kwa asilimia 30 au zaidi. Basi andika saiyani 65, majenta 100, manjano 0, nyeusi 0. Nyekundu iwe majenta 100 na manjano 90. Kijani kiwe saiyani 85, majenta 15, manjano 100, nyeusi 5. Waridi, inayoweza kutumika Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, iwe majenta 45 na manjano 15. Ukizidisha majenta, itakaribia mno nyekundu.

Nyeupe haichapwi, kwa kuwa ndiyo karatasi yenyewe mahali pasipo na wino. Kwa sababu hiyo siku za Noeli na Pasaka zinahitaji mstari mwembamba wa kuzizungushia, la sivyo zitaonekana kama nafasi zilizosahaulika.

Maandishi meusi

Upo weusi wa namna nyingi, na kwa maandishi unafaa mmoja tu: nyeusi asilimia 100, na wino nyingine tatu 0. Weusi unaotoka katika programu za kuandikia mara nyingi ni wa RGB, nao ukigeuzwa hutawanyika katika wino zote nne. Karatasi ikisogea hata kidogo mtamboni, kila herufi ndogo hupata kivuli cha rangi pembeni. Kijana atasoma kwa shida. Mzee anayefuata masomo kwa miwani atakiweka kijitabu chini.

Jihadhari hasa na rangi iitwayo Registration, iliyomo tayari katika orodha. Kwa macho ni nyeusi, lakini ina asilimia 100 ya kila wino, nayo imewekwa kwa ajili ya alama za mtambo pekee. Jumla yake ni asilimia 400, ilhali karatasi laini yenye kung'aa kwa kawaida hustahimili takribani 300, na ya gazeti takribani 240. Wino ukizidi hapo, hauwahi kukauka, na kurasa huchafuana.

Kutoa faili ya chapa

Kazi ikikamilika, muulize mpiga chapa mambo matatu: anatumia wasifu gani wa rangi, anataka aina gani ya PDF, na ukurasa uzidishwe milimita ngapi kila upande kwa ajili ya kukata. Jibu la swali la tatu mara nyingi ni milimita 3; pasipo ziada hiyo, rangi inayofika ukingoni huacha mstari mweupe baada ya kukatwa.

Katika Scribus, washa kwanza usimamizi wa rangi na uchague wasifu uliopewa, kwa maana bila hatua hiyo aina za PDF/X hazipatikani. PDF/X-1a hudai fonti zote ziwemo ndani ya faili, hairuhusu rangi za RGB, wala haina vitu vyenye uwazi. PDF/X-4 huruhusu uwazi na picha zenye wasifu wake wa rangi. Mpiga chapa asipotamka lolote, ya kwanza ni salama zaidi kwa mitambo ya zamani. Chagua kwamba faili ni ya mtambo wa chapa, wala si ya kusomwa kiooni. Picha ziwe na takribani pikseli 300 kwa kila inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Kabla ya kutoa faili, kikaguzi cha Scribus kitakuonyesha picha zenye ubora hafifu, maandishi yaliyozidi kisanduku chake na vitu vilivyo nje ya ukurasa. Usikipuuze.

Hatimaye, itazame kazi wino mmoja mmoja. Onyesho la kabla ya kuchapa hukuwezesha kuzima saiyani, majenta na manjano. Maandishi yote yanapaswa kubaki kamili katika nyeusi peke yake. Yakififia, rudi kwenye orodha ya rangi.

Nakala moja kabla ya elfu moja

Baada ya hayo yote, omba nakala ya majaribio juu ya karatasi ile ile itakayotumika, kwa kuwa karatasi isiyong'aa hunywa wino na kuifanya rangi iwe na giza zaidi. Itazame mchana, karibu na dirisha, pamoja na padre au katekista anayeijua kalenda. Mkiridhika, itieni sahihi na tarehe, nanyi mbaki na nakala yenu. Ikitokea kazi nzima imetoka tofauti, mtakuwa na cha kulinganishia.

Hatua hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa, na Scribus haiuzwi. Zinahitaji muda wa mchana mmoja, nao ni mdogo ukilinganishwa na kuchapa upya nakala elfu moja kwa sadaka ya waamini. Hifadhini orodha ya rangi mliyoithibitisha na mwitumie tena mwaka ujao, ili atakayeipokea kazi aanze pale mlipoishia.