Mtoto Mchanga Anapopumua Bila Mpangilio

Mtoto wa wiki tatu amelala. Anapumua haraka haraka, kisha kifua kinatulia kimya, halafu anaanza tena kwa kasi. Mama wa mtoto wa kwanza akiliona hilo usiku, usingizi humruka. Tunaulizwa jambo hili mara kwa mara katika familia tunazozitembelea, kwa hiyo tunalieleza hapa.

Mara nyingi si ugonjwa. Sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji bado haijakomaa, hivyo mtoto anaweza kutulia sekunde 5 hadi 10 bila kuvuta hewa, kisha akaendelea mwenyewe. Kufikia miezi sita hali hiyo kwa kawaida huwa imekwisha. Pua nayo huchangia: mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na kamasi kidogo tu iliyokauka inatosha kumfanya akorome.

Kinachosaidia ni kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, funua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Upumuaji wake haulingani, utajidanganya. Kawaida ni kati ya 30 na 60. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, rudia. Ikibaki hivyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani huenda ni nimonia au maambukizi yaliyoingia katika damu. Usisubiri homa. Mtoto wa umri huo anaweza kuugua sana huku mwili wake ukiwa wa baridi.

Zipo sababu nyingine. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 anaweza kusahau kabisa kupumua. Aliyezaliwa kwa upasuaji huweza kubaki na maji katika mapafu siku ya kwanza au ya pili. Mwenye kasoro ya moyo huchoka na kutoka jasho anaponyonya. Kifaduro kwa mtoto mdogo huenda kisilete kikohozi chochote, ila pumzi inakatika tu. Ndiyo maana chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 hazipaswi kucheleweshwa.

Hapa tuseme wazi kuhusu kukata kimeo. Wapo wazee wanaoamini kwamba kimeo kirefu ndicho kinachomziba mtoto pumzi, na wanafanya hivyo kwa nia njema. Lakini nimonia iko kwenye mapafu, siyo kooni. Kukata huleta damu nyingi na vidonda, na siku iliyopotea kwa mkataji ndiyo siku ambayo dawa ingefanya kazi.

Usingoje hata kuhesabu ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anaguna kila anapoitoa, ulimi au fizi zimekuwa za bluu, ameacha kunyonya, au pumzi imekatika zaidi ya sekunde 20. Akikatika pumzi, msugue mgongo au nyayo, usimtikise. Njiani mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa kanga huku uso wa mtoto ukiwa wazi, na amnyonyeshe ikiwa mtoto anaweza.